Aliirudisha meli nyuma kwanza

Mimi ni mtu wa Pangani, baba yangu alikua nahodha wa jahazi mpaka macho yakamkatalia, na mimi mwenyewe nimekulia ndani ya jahazi kabla sijakulia darasani. Sasa hivi huu ni mwaka wa tisa naendesha lori la makontena hapa Charleston, South Carolina. Nataka nisimulie habari ya mtumwa mmoja wa mji huu aliyeondoka na meli ya jeshi usiku wa vita mwaka 1862 akatoroka nayo, ndani wako watu 16 pamoja na yeye, na nisimulie pia kosa nililoifanyia familia yangu, kwasababu kwangu mimi hizo habari mbili zimeungana na siwezi tena kuzitenganisha.

Niliijua hivi. Nilikua kwenye foleni ya bandarini nasubiri kontena, nikashuka kwenye lori kunyoosha miguu, nikawa naangalia maji. Kuna mzee mmoja mweusi anafanya kazi za kupakua meli, mtu wa vile visiwa vya pwani wanaoitwa Gullah, akanikuta nimesimama. Nikamwambia tu, yaani kama mtu anaongea na mtu wa kwao, kwamba maji yameanza kupwa na pale mbele lazima pana fungu maana mawimbi yanavunjika sehemu moja tu. Akanitazama akaniuliza umejuaje, we si dereva wa lori? Nikamwambia baba yangu ni rubani. Akadhani nasema rubani wa ndege, ikabidi nimueleze kwamba sisi kwetu kabla ndege hazijakuwepo rubani alikua mtu wa bahari, anayejua njia ya chombo majini. Mzee akanishika bega akasema basi we inabidi umjue Robert Smalls, na foleni ilikua ndefu, akanisimulia palepale.

Robert Smalls alizaliwa mtumwa mwaka 1839 Beaufort, mji mdogo kusini ya hapa, kwenye kibanda cha uani nyuma ya nyumba ya bwana wake. Alipofika miaka 12 akaletwa Charleston kukodishwa kazi. Hapa mtumwa aliyekodishwa alitakiwa awe na kibati cha shaba chenye namba na aina ya kazi yake, na ujira ukitoka unaenda kwa bwana, yeye anaachiwa kidogo sana. Alihudumia hotelini, akawasha taa za mitaani, akabeba mizigo gatini, akashona matanga, akapanda milingoti, mwisho akashika usukani. Ukiangalia vizuri hizo kazi zote zilikua zinamsogeza majini polepole. Kufika vita alikua anaijua hii bandari, mafungu yake, mikondo yake, kina chake, kuliko wengi waliokua wanamwamrisha. Ila cheo cha rubani hakupewa kwasababu cheo hicho kilikua cha wazungu, yeye wakamuita mshika usukani tu. Kazi ileile, jina wanamnyima.

Hapo nilimfikiria baba. Mdomo wa mto Pangani una fungu linalohama, msimu huu lipo huku, kusi ikipita linakua kule, na mzee alikua anaingiza jahazi usiku akiwa amekaa tezini kimya, anasikiliza. Hana cheti chochote. Nilipomuuliza unaonaje njia, alinijibu sioni, nakumbuka. Sasa elimu ya namna hiyo hakuna anayeweza kukunyang'anya, na mbaya zaidi kwa anayekumiliki ni kwamba hata haioni. Mabwana wa Charleston walikua wanamfundisha yule mtu njia ya kutokea kila siku kwa mwaka mzima na hawakujua wanachokifanya.

Smalls alimuoa Hannah mwaka 1856. Hannah naye mtumwa, anafanya usafi wa vyumba hotelini, na ni mali ya mtu mwingine. Hii ndo sehemu ya utumwa ambayo watu huwa hawaifikirii sana. Mtoto wao akizaliwa anakua wa bwana wa mama, sio wa baba wala sio wa mama. Smalls alijaribu kumnunua mke wake na binti yake, akaambiwa bei ni dola 800. Alikua na kama dola 100 tu. Hesabu hiyo mimi niliifanya nikiwa nasubiri kontena langu, ukiweka dola moja kwa wiki, 700 zinazobaki ni zaidi ya miaka kumi na tatu, na katikati hapo bwana anaweza kuamka siku moja akamuuza mtoto.

Vita hivyo ni vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, majimbo ya kusini yalijitenga na ya kaskazini yakitaka kuendelea na utumwa, na vilianza palepale mdomoni mwa bandari, ngome ya Fort Sumter, Aprili 1861. Serikali ya kaskazini ikapanga manowari nje kuzingira bandari zisiingize wala kutoa kitu, na mwezi wa kumi na moja mwaka huohuo ikateka Port Royal na Beaufort, kule kwao Smalls, mama yake akiwa hukohuko. Kwahiyo uhuru ulikua unaonekana kwa macho, zile meli zimetia nanga nje tu, maili chache. Na watu walishaanza kuufuata kwa maji. Mei 1861 watumwa watatu kule Virginia walipiga makasia usiku mpaka ngome ya Fort Monroe, iliyokua mikononi mwa kaskazini, bwana wao akatuma mtu kuwadai, na jenerali wa ile ngome, Butler, akakataa kuwarudisha, akasema kama nyinyi mnawahesabu ni mali na mnawatumia kwenye vita basi mimi nimeiteka mali hiyo kama navyoteka bunduki. Inauma kusikia mtu anapata uhuru kwa kuitwa mali, lakini mlango ulifunguka kwa maneno hayo. Mwaka uliofuata, Septemba 1862, wanaume wanane walishuka na boti mto Cape Fear kutokea Wilmington, North Carolina, maili 28 za baharini kwa makasia na tanga, mmoja wao William Gould akaandika shajara ya maisha yake jeshini baada ya hapo. Kulikua na wengi. Kuna waliofika na kuna ambao hatutawajua.

Sasa meli ya Smalls iliitwa Planter, ya mvuke, ina magurudumu makubwa ubavuni, ilijengwa kwa kubeba pamba ila jeshi la kusini wakaikodi kubeba mizinga na kutega mabomu majini. Maofisa wazungu watatu, mabaharia wengine wote watumwa. Kulikua na amri kwamba maofisa lazima walale melini. Usiku wa tarehe 12 Mei 1862 wote watatu wakashuka kwenda kulala mjini, wakaiacha meli imefungwa gatini mbele ya ofisi ya jenerali, walinzi wapo. Ndani ya meli ilikua imepakiwa mizinga minne ya kupelekwa kwenye ngome, ukiongeza na miwili ya meli yenyewe.

Kama saa tisa usiku wakawasha boila. Smalls akavaa kofia ya majani ya nahodha. Wakapandisha bendera za kusini kama kawaida, wakafungua kamba, mlinzi akaona akadhani nahodha anawahi kazi.

Hapa mzee wa bandarini alinyamaza kidogo akaniuliza, unadhani alielekea wapi? Nikasema baharini. Akasema hapana.

Hakuelekea baharini. Aliirudisha meli ndani, upande wa mjini, akiipa mgongo bahari na zile manowari na kila kitu alichokua anakitaka, akapanda nayo kwenye gati lingine, North Atlantic, kwasababu huko ndani ya meli nyingine walikua wamejificha Hannah na watoto wawili, Elizabeth wa miaka minne na mdogo ambaye mwaka hajamaliza, na wanawake wengine na jamaa za mabaharia. Kila dakika ya kurudi nyuma ilikua dakika ya kukamatwa. Saa inatembea, alfajiri inakuja, na akichelewa atapita chini ya ngome kukiwa kweupe na uso wake utaonekana. Na bado alirudi.

Mimi nilikua nimemuacha mke wangu Pangani.

Ngoja niseme ilivyokua. Nilipata ile bahati nasibu ya kuingia Marekani, na ilikua na nafasi ya mke wangu na watoto wawili pia, tuliwaandika wote kwenye fomu. Hela ndo haikutosha. Ada za viza, vipimo vya afya, tiketi nne. Ndugu wakakaa kikao, na mimi nikasema kwa kujiamini kabisa kwamba natangulia, nikishika kazi miezi mitatu tu nawaita. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza, kwamba ile nafasi yao ina mwisho, mwaka wao wa serikali ukifungwa mwezi wa tisa imekufa, haingoji. Nilifika, nikahangaika na leseni, nikalala kwa watu, mwezi wa tisa ukapita. Nilipokuja kujua ilikua imeshapita wiki tatu. Baada ya hapo ni kuomba upya kwa njia ya kawaida, foleni ya miaka. Binti yangu nilimuacha ana miaka sita na mdogo wake ana miwili. Walikuja karibu miaka mitano baadae.

Sifananishi hali yangu na utumwa, ntakua nimekosa adabu kwa wale watu. Mimi nilikua na pasi yangu, na simu, na hakuna aliyenimiliki. Ninachosema ni kwamba miaka ile yote nilikua najisifu moyoni kwamba mwanaume ni kutangulia, unavunja njia halafu wengine wanafuata, na siku ile kwenye foleni nikasikia habari ya mtu ambaye sababu zote za kutangulia alikua nazo, maana alikua peke yake pale usukanini na bahari iko wazi mbele yake, na hakutangulia. Nilipanda lori langu nikashindwa kuondoka, wa nyuma yangu wakapiga honi.

Kwetu wanasema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Nimeisikia tangu mtoto nikidhani ni habari ya kurudi nyumbani uzeeni. Smalls alirudi ngamani mapema, kabla ya safari.

Basi walipowapandisha wale kina mama na watoto wakageuza kuelekea nje. Wakapita ngome moja baada ya nyingine, na kila moja ina ishara yake ya honi ya mvuke, na Smalls alizijua zote sababu ndo alikua anazipiga kila siku. Fort Sumter wakaifikia kama saa kumi na robo alfajiri. Inasimuliwa kwamba mwenzake mmoja alimkatalia, akamwambia tuizunguke kwa mbali, yeye akasema tukiizunguka ndo watashtuka, tupite palepale tunapopita siku zote. Akasimama dirishani amefumbata mikono na kofia imeshuka usoni, anasimama kama nahodha anavyosimama. Akavuta honi, mbili ndefu na moja fupi. Wakajibiwa piteni. Nimekwenda Fort Sumter na ile feri ya watalii mara tatu mpaka sasa, nusu saa tu kutoka mjini, na kila nikifika usawa wa ule ukuta nafikiria huo muda wa kati ya honi yake na jibu la mlinzi. Watoto wako chini. Kichanga kinaweza kulia muda wowote.

Wakishatoka nje ya shabaha ya mizinga wakashusha bendera za kusini wakapandisha shuka nyeupe ya kitandani, Hannah ndo aliileta. Na palikua na ukungu. Meli ya kwanza waliyokutana nayo, USS Onward, iliona chombo cha adui kinakuja moja kwa moja ikajiandaa kufyatua, na ingefyatua kweli, mpaka mtu mmoja akaiona ile shuka. Yaani mipango yote ya yule mwanaume, ishara, kofia, mkondo, mwisho wake ilining'inia kwenye shuka ya mkewe. Smalls akavua kofia akamwambia nahodha wa Onward kwamba amewaletea mizinga yao ya zamani. Akawapa na kitabu cha ishara za siri, na habari ya ngome ambazo watu wa kusini wameshazihama, ambayo kwa jeshi la majini ilikua na thamani kuliko meli yenyewe.

Watu husema ushujaa wa usiku mmoja. Ukiona vyaelea vimeundwa. Ule usiku uliundwa kwa miaka, kuanzia mtoto wa miaka 12 anawasha taa za mitaani.

Baada ya hapo maisha yake marefu, nitayapita haraka. Bunge likawapa zawadi ya hela kwa kuileta ile meli, yeye akapata dola 1,500. Akarudi vitani kama rubani, sasa kwa jina hilohilo la rubani walilomnyima, na tarehe 7 Aprili 1863 alikua anaiongoza Keokuk, meli ya chuma iliyopigwa zaidi ya mara 90 na mizinga ya hukuhuku Charleston, ikazama kesho yake, yeye akatoka hai. Mwaka huohuo akawa nahodha wa Planter ileile. Vita vikiisha akachaguliwa bunge la jimbo, halafu Bunge la Marekani mara tano, na kwenye katiba mpya ya South Carolina ya 1868 alipigania shule za bure kwa watoto wote. Na ile nyumba ya Beaufort, ambayo alizaliwa kwenye kibanda cha uani kwake, ilipigwa mnada kwa kodi wakati wa vita, akainunua yeye. Mama yake akaingia kwa mlango wa mbele. Smalls mwenyewe amefia humo mwaka 1915.

Kuna kitu kingine nikiri. Pangani kwetu ilikua bandari ya kuvushia watumwa kwenda Unguja na Pemba kwenye karafuu. Sultani Barghash alisaini mkataba wa kufunga biashara ile kwa bahari mwaka 1873, ikaendelea kwa siri, usiku, kwa vyombo kama cha baba yangu, na marubani kama baba yangu wa kuukwepa ulinzi. Ujuzi uleule wa kupita gizani kimya, ila sisi tulikua tunautumia kupeleka watu utumwani. Nyumbani hilo halisemwi. Unasikia tu fulani ukoo wake ulikuja na fulani, halafu mazungumzo yanageuzwa. Nilipokua naisikia habari ya Smalls nilitaka sana kujiona ni mtoto wa Smalls, na nusu yangu pengine ni mtoto wa yule aliyekua anashika usukani ule mwingine. Nimeanza kumuuliza baba kwenye simu, taratibu. Mara ya kwanza alisema mtandao mbaya akakata. Mara ya pili aliongea kwa dakika kumi, na nikamshukuru.

Mke wangu na watoto walipofika niliwapeleka mjini wikendi ya pili tu, ukingo wa mto Cooper huku kwenye magati ya zamani. Nikawasimulia yote, nikitumia mikono, huyu hapa mlinzi, huku bahari, huku ndo akarudi nyuma. Binti akataka kujua kofia ilikuaje. Mdogo anarusha mawe majini. Mke wangu akasikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza swali ambalo kwa miaka yote ile ya kusoma na kupanda feri sikuwahi kujiuliza.

Akasema, baba Asha, wale watoto kule walipofichwa, kuanzia jioni mpaka saa tisa usiku, nani aliwanyamazisha?

Nikamwambia Hannah, lazima ni Hannah na wenzake. Akasema ndiyo, na unamsimulia Smalls tu.

Tukakaa kwenye benchi. Maji yalikua yanajaa. Akamuangalia mdogo kule anaporusha mawe akasema, siku ile uliyopanda basi Tanga stendi, huyu alianza kulia hata daladala yetu haijaondoka, nikamnyonyesha, nikamuimbia, nikampa funguo achezee, alilia mpaka Kigombe, abiria wote wananitazama, na Asha ananiuliza kwanini baba amepanda gari jingine.

Miaka mitano kwenye simu na hilo alikua hajawahi kuniambia.